Jina lako linajulikana wapi?

*Maswali ya wasomaji kuhusu imani na maisha*

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka juzi nilihamia Mbagala kikazi nikitokea Sumbawanga. Kule nilikuwa kwaya na katibu wa vijana, kila mtu alinijua. Hapa nasali Misa ya kwanza, naingia, natoka, basi. Nimekosa Jumapili tano mfululizo na hakuna aliyeuliza. Nifanye nini ili niwe tena mtu wa Kanisa?
*Msomaji, Mbagala*

Milele na milele, amina. Dada, usiichukie parokia yako mpya kwa hilo. Parokia ya mjini yenye Misa tatu au nne kila Jumapili haiwezi kujua nani hakuja, hata paroko angekuwa hodari namna gani. Kazi hiyo ni ya jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipofanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, mwaka 1973 na tena 1976, walitaka Mkristo awe na watu wachache wanaomjua kwa jina, mtaani anakolala.

Nenda ofisi ya parokia siku ya kazi. Jumapili baada ya Misa katibu amezungukwa na watu na atakujibu juujuu. Mtajie mtaa wako na alama ya karibu: duka la dawa, kisima, shule. Naye atakutajia kanda, jumuiya, na namba ya mwenyekiti. Huenda rafiki yako wa kazini atakuvuta kwenye jumuiya yake ya mtaa wa pili. Mshukuru, lakini ujiunge na ya kwako. Homa ikikushika saa tano usiku, atakayefika kwa miguu ni jirani.

Agiza barua ya utambulisho kutoka Sumbawanga. Huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya ya zamani, ikapigwa muhuri parokiani. Wengi hudhani barua hiyo inahamisha na kumbukumbu za ubatizo. Hapana. Jina lako linabaki katika kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa, na huko huko ndiko kipaimara na ndoa yako vitakapoandikwa pembeni. Kwa hiyo andika namba ya ubatizo wako mahali pa kudumu; utakapoandaa ndoa utaombwa cheti kilichotolewa upya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6.

Jumuiya nyingi za mjini husali Jumamosi alfajiri, saa 12:00 au 12:30, nyumba hadi nyumba. Beba Biblia, kitabu cha nyimbo na sadaka kidogo. Utaombwa ujitambulishe: taja jina, ulikotoka, na nyumba unayokaa. Kisha hakikisha katibu amekuandika kwenye daftari la mahudhurio. Ukipata nafasi, litazame daftari lenyewe: mistari iliyochorwa kwa rula, majina upande wa kushoto, vema za Jumamosi zikielekea kulia. Mwenye nafasi tatu tupu mfululizo, jumuiya iliyo hai humtuma mtu akabishe hodi. Hicho ndicho ulichokikosa katika Jumapili zako tano.

Jumuiya ikifuata ile njia ya hatua saba za kushirikishana Injili, hatua ya tatu itakufaa sana wewe mgeni. Baada ya somo, kila anayependa hutamka kwa sauti neno au kifungu kifupi kilichomgusa, mara tatu, bila kukieleza. Huhitaji ufasaha wala kujuana na mtu. Ukitamka "msiogope" mara tatu mbele ya majirani kumi na wawili, umeshasali nao.

Wageni wengi huacha baada ya mara mbili au tatu, kwa sababu moja ile ile: sala dakika ishirini, matangazo ya michango dakika arobaini. Malalamiko yao ni ya haki na viongozi wayasikie. Hata hivyo jipe miezi mitatu, na katika muda huo omba kazi ndogo ya mikono, kama kusoma somo, kupanga viti au kumpelekea mgonjwa uji. Usikimbilie uongozi kwa sababu ulikuwa katibu kule. Mgeni anayeanza na cheo husalimiwa sana na bado hafahamiki.

---

Mimi ni mkatekumeni. Jina nililopewa na bibi ni Lusajo, maana yake baraka kwa Kinyakyusa. Mwalimu wangu wa dini anasema siwezi kubatizwa nalo, lazima nichague la mtakatifu. Nikichukua jina la kizungu nahisi namkana bibi. Je, ni lazima?
*Msomaji, Tukuyu*

Si lazima. Mwalimu wako huenda alifundishwa na waliofundishwa kwa sheria ya zamani ya Kanisa, ile ya 1917, iliyodai jina la Kikristo. Sheria ya sasa, ya 1983, katika kanuni ya 855 inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Sasa "Baraka" ni geni kwa nani?

Fikiria jina la Kizito. Wapo akina Kizito waliobatizwa kwa jina hilo Mbeya, Bukoba na Nairobi, na hakuna mwalimu wa dini anayelikataa. Lakini lilikuwa jina la Kiganda kabla ya kuwa la mtakatifu. Kijana aliyekuwa nalo, wa miaka kama 14 hivi, alibatizwa na Karoli Lwanga muda mfupi kabla ya kupelekwa Namugongo, Uganda, walikochomwa moto kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu, Oktoba 1964, majina ya kikwao ya Lwanga, Mulumba na Kizito yaliingia nao madhabahuni.

Usibishane darasani. Mwendee paroko ukiwa na msimamizi wako, mweleze maana ya Lusajo, na ufanye hivyo mapema kabla fomu hazijajazwa. Ukipenda kuongeza msimamizi wa mbinguni, Lusajo Kizito ni jina zuri, mradi liwe chaguo lako. Jambo la kuangalia ni maandishi: jina la ubatizo lifanane na la cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Tofauti ya "Lusajo" na "Lusayo" itakuja kukusumbua miaka kumi baadaye utakapotaka kufunga ndoa.

---

Nina miaka 26, naandaa ndoa. Baba yangu simjui na mama hataki kumtaja. Kwenye cheti changu cha ubatizo, penye "jina la baba" pana mstari tu. Shangazi anashauri nimwandike mjomba. Nikiuona ule mstari najiuliza mimi ni nani hasa. Na siku ya harusi nani atanisindikiza?
*Msomaji, Morogoro*

Pole, mwanetu. Tuanze na mstari, kwa sababu aliyeuacha wazi huenda alikutendea haki kuliko unavyodhani.

Kanuni ya 877 ya sheria ya Kanisa inaeleza namna ya kumwandika mtoto wa mama asiyeolewa. Jina la baba linaandikwa ikiwa ubaba umethibitishwa na hati ya serikali, au ikiwa mwanamume mwenyewe amekiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kama hakuna kimojawapo, mtoto huandikwa bila baba kutajwa. Kwa hiyo padre aliyekubatiza hakukudharau. Alikataa kuandika uongo juu yako.

Ndiyo maana mjomba asiandikwe. Anaweza kuwa mlezi, mshenga, msimamizi, mtoa mahari na mpokea mahari, hayo ni mema yote. Lakini kumwandika baba kunaharibu kumbukumbu, kunakinzana na cheti cha kuzaliwa, na kunaweza hata kuzusha swali la undugu pale ambapo uchumba unahusu ukoo wake. Katika fomu ya ndoa andika jina la mama, na penye baba andika "hajulikani" au uache kama cheti kilivyo. Zungumza na paroko kabla ya matangazo ya ndoa. Mwombe yasomwe kwa jina lako na la mama yako peke yake. Ombi hilo ni la kawaida na wala halihitaji kufafanuliwa kwa mtu mwingine.

Kuhusu kusindikizwa: ili ndoa iwe halali Kanisa linadai ridhaa yenu wawili, mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Mkono wa baba haumo katika masharti. Mama aliyekulea anaweza kutembea nawe tangu mlangoni, au mama yako wa ubatizo, au mkaingia na bwana harusi pamoja.

Zamani ulimwengu na hata sheria za Kanisa zilimbana mtoto kama wewe: kwa sheria ya 1917 mwana wa nje ya ndoa hakuweza kupadrishwa bila ruhusa maalumu. Sheria ya 1983 ilikiondoa kizuizi hicho.

Sasa swali lako kubwa. Yupo mtakatifu ambaye hakulijua hata jina lake mwenyewe. Alizaliwa Darfur karibu na mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, na kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" aliitwa na waliomteka. Ni neno la Kiarabu, ndugu na "bahati" yetu. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa huko Italia, akaitwa Yosefina Margareta Fortunata, na Fortunata ndiyo Bakhita ile ile kwa lugha nyingine. Miaka iliyofuata watu walimwona akibusu kisima cha ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Mungu hakusubiri ukoo wake ujulikane ndipo amwite mwana.

Ufanye jambo moja kabla ya harusi. Kama parokia uliyobatizwa inafikika, nenda kachukue cheti chako kipya wewe mwenyewe, usitume mtu. Omba kuonyeshwa ulipoandikwa, kisha ingia kanisani usimame kwenye kisima. Na ukisoma Mwanzo sura ya 16, mtazame Hajiri. Mjakazi mjamzito, aliyekimbilia jangwani, ndiye anayempa Mungu jina: "Wewe Mungu uonaye mimi." Huenda na mama yako anahitaji kuisoma sura hiyo, pamoja nawe, bila kuulizwa lolote.

---

Nilikuwa mhasibu wa kampuni miaka 17, nimepunguzwa kazi Februari. Jumuiya nzima waliniita "Bosi". Sasa nadaiwa ahadi ya ujenzi wa kanisa, na nikimwona mwenyekiti nakata kona. Nasali, nasali, lakini maneno hayatoki. Bila kazi, mimi ni nani?
*Baba wa watoto watatu, Mwanza*

Ndugu, ulitoa ahadi ukiwa na mshahara, na mshahara umekoma. Mwendee mtunza hazina nyumbani kwake jioni, kabla ya Jumamosi, umwambie: "Nimepunguzwa kazi. Ahadi ya ujenzi siiwezi kwa sasa, nitatoa elfu mbili kila mwezi." Basi. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp, maana huko habari itageuka mjadala. Na kama mna desturi ya kusoma kwa sauti majina ya wasiochanga, mwombe jina lako lisisomwe. Viongozi mnaosoma hapa, acheni desturi hiyo. Inawafukuza watu wale wale walioelemewa. Wala mtoto wako asizuiliwe komunyo ya kwanza kwa deni: kanuni ya 848 inaagiza wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini.

Kuhusu maneno yasiyotoka, chukua Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu na inaanza kwa kumlalamikia Mungu. Isome kwa sauti asubuhi, kabla ya kushika simu, hata kama huna hisia yoyote.

Kisha fungua 1 Wafalme 19. Eliya aliyeshusha moto Karmeli amelala chini ya mti akiomba afe. Mungu hamhubirii. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Baadaye ndipo anamwita kwa jina lake na kumuuliza anafanya nini pale. Eliya anajibu kwamba amebaki peke yake, na Mungu anamwambia wapo 7,000 wengine. Nawe kula, lala, mwambie mkeo hali yote ya fedha ilivyo. Kama majuma mawili yamepita huna usingizi, chakula hakipiti, au wazo la kufa linakurudia, nenda hospitali na umweleze daktari hivyo hivyo. Kwenda huko hakupunguzi imani.

Uhasibu haukubaki ofisini. Vikundi vya kuweka na kukopa ndani ya jumuiya mara nyingi vina vitabu vilivyovurugika: marejesho hayakuandikwa, riba imehesabiwa mara mbili. Jitolee kuvinyoosha. Lakini fedha na ufunguo wa sanduku ashike mwingine. Mwenye njaa nyumbani asijiweke karibu na fedha za wenzake, kwa ajili yake na kwa ajili yao.

Jumamosi hii ulizia jumuiya inasali kwa nani. Nenda mapema, na uchukue na kiti, kwa sababu viti huwa havitoshi.