SteamOS kuing'oa Windows? Inategemea unacheza nini
Kwa magemu ya mchezaji mmoja, SteamOS, mfumo endeshi wa Valve uliojengwa juu ya Linux, tayari inatosha: Proton, programu ya Valve ya kuendesha magemu ya Windows kwenye Linux iliyotoka 2018, hugeuza amri za picha za DirectX (za Windows) kuwa za Vulkan, ambazo Linux inazielewa, na magemu mengi hufunguka bila kugusa chochote. Kikwazo ni programu za kuzuia wadanganyifu. Valorant na Fortnite hazifunguki kabisa. Easy Anti-Cheat na BattlEye, mbili kati ya programu hizo, zinaweza kukubali Linux, ila lazima mtengenezaji wa gemu aruhusu, na wengine hawajisumbui. Pitia kwanza ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti gemu gani linafanya kazi. Kadi ya picha ya AMD ndiyo salama. Kama ni Nvidia, afadhali Bazzite, mfumo mwingine wa Linux unaofanana na SteamOS. Na magemu usiyaache kwenye diski ya NTFS, yaani iliyopangwa kwa mtindo wa mafaili wa Windows: Proton huunda kiungo kinachoitwa "c:", Windows haikubali jina la faili lenye alama ya nukta mbili (:), na gemu huweza kugoma kufunguka.