Chupa ya soda si sampuli

Maswali ya mwezi huu kuhusu maji na mito yenu ni mengi, na nusu yake ni lile lile la kila mwezi. Naanza nalo.

*Mto wetu umeanza kunuka. Nikikuletea maji kwenye chupa utanipimia? (Msomaji, Geita)*

Hapana. Wa mwisho kuniletea alikuja na chupa ya soda ya chungwa, kifuniko bado kinanata sukari, imefungwa nyuma ya pikipiki tangu asubuhi, jua linaiwakia. Pale ningepima soda, si mto. Sukari ile peke yake ingepandisha BOD (kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu ulio majini) hadi mwenye bomba la majitaka akuburuze mahakamani kwa kumchafulia jina.

Chupa hutoka maabara. Ya kupimia metali hutiwa tindikali kidogo, la sivyo metali hujibandika kwenye kuta za chupa na majibu yanarudi mazuri kuliko ukweli. Ya saianaidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu, hutiwa magadi makali (si soda ya kunywa), la sivyo sehemu yake inapotea hewani njiani. Ya vijidudu na ya BOD hukaa kwenye kasha la barafu na kufika maabara siku hiyo hiyo. Na chukua mahali pawili: juu ya bomba linapoingia mtoni, na chini yake. Ukileta ya chini tu, mwenye bomba atasema mto ulishakuja mchafu kutoka huko juu, nami sitakuwa na la kumjibu. Hii ni mara ya nne naandika haya. Kateni mbandike ukutani.

*Tukiyachemsha maji, sumu ya mgodini inatoka?*

Haitoki. Unaua vijidudu, basi. Metali hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa moto inazidi kukolea.

*Mamlaka ya maji ya mji wetu inasema majitaka yake yamepimwa na yako ndani ya viwango. Mbona mto unanuka? (Mwalimu mstaafu, Morogoro)*

Mwalimu, swali lako nimelisubiri. Kwanza, inawezekana wanasema kweli. Kikomo chetu cha BOD, kwa kanuni za 2007, ni miligramu 30 kwa lita, na kinapimwa mdomoni mwa bomba. Kiangazi mto ukibaki kijito, sehemu kubwa ya kinachopita ni hayo hayo majitaka, hakuna maji ya kuyazimua. Namba inafaulu, mto unakufa. Tena kikomo ni cha lita moja, hakiulizi lita ngapi. Anayefungulia maji safi kwenye bomba lake anashusha namba, uchafu uko pale pale.

Pili, uliza nani alichota, saa ngapi, na kama walijua anakuja. Chupa moja ya saa nne asubuhi ya Jumanne haijui kilichomwagwa saa nane usiku wa Jumamosi. Sampuli yenye maana hukusanywa kidogo kidogo kwa saa 24. Na mara nyingi anayechota ni yule yule anayemwaga, kisha anapeleka taarifa. Hapo mtahiniwa anasahihisha karatasi yake mwenyewe, na wewe mwalimu unajua alama zinavyokuwa.

Msidhani ni aibu ya nchi maskini. Uingereza kampuni za maji ziliachiwa zijichotee sampuli. Mwaka 2019 mdhibiti aliibana Southern Water kwa adhabu na marejesho kwa wateja ya pauni milioni 126, baada ya kubainika kwamba ilikuwa inachezea sampuli na taarifa za mitambo yake. Mwaka 2021 mahakama ikaiongezea faini ya pauni milioni 90 kwa majitaka iliyomwaga baharini miaka ya nyuma. Hao wana maabara na magari kuliko sisi. Kwa hiyo mtu akiniambia "tunajipima wenyewe, msiwe na wasiwasi", ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

*Maji chini ya plant ya marudio (mtambo wa kuchenjua tena mabaki ya mawe ya dhahabu) yamekuwa mekundu. Ni zebaki?*

Zebaki haipaki mto rangi. Wekundu huo karibu kila mara ni chuma: mwamba wenye salfa umepata hewa na maji, umetoa tindikali, na tindikali imeyeyusha chuma kilichokuwa kimelala. Ni tatizo kweli, na hubeba metali nyingine, basi msilidharau. Ila zebaki yenu tafuteni kwenye tope la chini ya mwalo wa kuoshea dhahabu na kwenye samaki. Maji yanaweza kupimwa safi huku sato anayeliwa mezani ameibeba. Anayewapimia maji tu hajawapimia zebaki.

*Mwaka 2022 samaki walikufa Mto Mara, tume ikasema ni kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza. Uliamini?*

Nilicheka na wengine, kisha nikaona haya. Kisayansi jambo hilo linawezekana. Upande wa Kenya wa mto huo huo watafiti wameonyesha jinsi kinyesi cha viboko kikilundikana kwenye madimbwi na mvua ikakisukuma ghafla, oksijeni inakwisha na samaki wanaelea. Ng'ombe hana kinyesi kitakatifu kuliko kiboko.

Lakini kumbukeni wakazi wa mkoa huo walikuwa wametoka wapi. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu. Mtu aliyesikia hayo, miaka mitatu baadaye anaambiwa mshitakiwa ni ng'ombe wake, unataka asicheke? Tume huja samaki wameshaoza. Kama vipimo vya oksijeni vya kila wiki vingekuwa vinabandikwa ofisi ya kijiji, mwenye mifugo mwenyewe angeona mstari ukishuka na asingehitaji profesa wa kumshawishi. Ng'ombe huenda alihukumiwa kwa haki, ila jalada la kesi hakuna aliyelisoma kabla.

*Zile mita 60 za kutojenga kando ya mto zinahesabiwa kuanzia wapi?*

Kwenye ukingo wa mto, si pale maji yalipojificha Septemba. Anayeniuliza hivi huwa ameshamwaga zege.

*Mgodi jirani una cheti cha mkaguzi wa kimataifa kwamba bwawa lake la topesumu ni imara. Tutulie?*

Bwawa la Brumadinho, Brazili, lilikuwa na cheti. Januari 2019 likapasuka na kuua watu 270. Ulizeni aliyelipa mkaguzi ni nani.

*Mvua ikianza jirani anatapisha choo mtaroni. Nimshitaki wapi? NEMC? (Dar es Salaam)*

Acha NEMC. Bwana wa bonde, yule wa bodi ya maji ya bonde, ndiye wa kumuuliza kibali cha kumwaga mtoni, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiye wa kuibana mamlaka ya maji, na jirani yako ni wa serikali ya mtaa na bwana afya wa kata. Barua zote za mwezi huu zimelaumu viwanda, yako ndiyo ya kwanza kumtaja jirani, na Mto Msimbazi unawajua wote wawili. Nenda kabla mawingu hayajatanda, maana mvua ikishapita hakuna ushahidi. Na picha piga ya tundu lilipotobolewa, siyo ya mtaro. Mtaro ni wa mtaa mzima.