Je, hisia za chuchu zitabaki baada ya kupunguzwa matiti?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 34, na nimebeba matiti makubwa tangu nilipovunja ungo. Mikanda ya sidiria imechimba mabega yangu, shingo na mgongo huniuma kila jioni, na ngozi iliyo chini ya matiti huchubuka kila kipindi cha joto. Mpasuaji amekubali kunipunguza, nami nimeshapangiwa tarehe. Tatizo ni kwamba alipokuwa akinieleza madhara yanayoweza kutokea alisema kwa sentensi moja tu kuwa huenda hisia zikapungua, kisha akaendelea kuzungumzia makovu. Nilipofika nyumbani neno hilo halikunitoka kichwani. Zitapungua kiasi gani, na je, ni kwa muda au ni kwa maisha yangu yote? Nimeolewa, na ninaona haya kumrudia daktari kwa jambo linalohusu faragha yangu na mume wangu.

JIBU: Dada yangu, mwili ni wako na hisia ni sehemu ya mwili huo, kwa hiyo swali lako lina uzito ule ule wa swali la kovu au la kutoka damu. Mrudie mpasuaji wako kabla ya tarehe uliyopangiwa. Nitakueleza jinsi hisia hizo zinavyofika kwenye chuchu, ili utakapoketi mbele yake uulize mambo yanayojibika, kwa kuwa swali la jumla kama «je, nitapoteza hisia?» huzaa jibu la jumla.

Ngozi ya titi hupata hisia kutoka kwa neva zinazopita katikati ya mbavu, nyingine zikiingia kwa upande wa kwapa na nyingine kwa upande wa mfupa wa kifua, ilhali sehemu ya juu kabisa hupata pia matawi yanayoshuka kutoka shingoni. Chuchu yenyewe hutegemea zaidi neva ya nne, ikisaidiwa na ya tatu na ya tano. Kwa wanawake wengi, tawi la pembeni la neva hiyo ya nne hutambaa juu ya utando unaofunika msuli wa kifua, kisha hupanda kupitia ndani ya titi na kuifikia chuchu kwa nyuma. Njia hiyo haifanani kabisa kwa watu wote, na mpasuaji hawezi kuiona yote kwa macho anapokata, ndiyo maana hata mikono hodari haiwezi kukupa ahadi.

Katika upasuaji huu chuchu kwa kawaida haitenganishwi na mwili. Huachwa ikiwa imeshikamana na kipande cha tishu kinachoiletea damu na neva, nacho nitakiita kikonyo, kwa sababu kazi yake haina tofauti na ya kikonyo cha tunda. Kikonyo kinaweza kuachwa chini ya chuchu, juu yake, upande wa ndani, au kikabaki katikati kikiwa kimeshikamana na kifua. Kikiachwa chini na kubaki na tishu nene inayogusa msuli, tawi linalopanda kutoka nyuma lina nafasi nzuri ya kunusurika. Kikiwa cha juu na chembamba, tawi hilo hukatwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa tishu inayoondolewa ni ile iliyo chini na nyuma ya chuchu. Kikonyo cha juu upande wa ndani, ambacho wapasuaji wengi hukipenda siku hizi, hutegemea kwa kiasi kikubwa matawi yanayotoka upande wa mfupa wa kifua. Hata hivyo nisingekushauri umchague au umkatae mpasuaji kwa sababu ya kikonyo peke yake: mtu aliyezoea njia moja kwa miaka mingi huihifadhi neva vizuri kuliko mtu anayejaribu njia nyingine kwa kukuridhisha.

Kuna njia moja ambayo ni lazima uiulizie waziwazi. Matiti yakiwa makubwa mno, au chuchu ikiwa imeshuka mbali sana kiasi cha kutia shaka kama damu itaifikia, mpasuaji anaweza kuikata chuchu kabisa na kuipandikiza mahali papya kama kiraka cha ngozi, njia ambayo Max Thorek aliieleza mwaka 1922 na ambayo bado inatumika. Hapo neva zote za chuchu hukatwa. Baadhi ya wanawake hurudishiwa hisia kidogo za mguso kadiri neva za ngozi ya jirani zinavyoingia katika kiraka hicho, lakini hisia za awali, hasa zile za faragha ulizozigusia, haifai kuzitarajia. Mwulize kama njia hiyo imo katika mpango wako, na mwulize pia kama anaweza kulazimika kuibadilikia ukiwa tayari umelala kwa dawa ya usingizi, maana wakati huo hutaweza kushauriwa.

Sasa nije kwenye muda. Ganzi ya majuma ya mwanzo huwapata wanawake wengi, na kwa sehemu kubwa si ya kudumu. Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawanya majeraha ya neva katika ngazi tatu, na mgawanyo huo bado unatusaidia. Neva iliyovutwa au kubanwa na uvimbe husinzia tu, na huamka baada ya majuma au miezi michache. Neva ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ala yake imebaki nzima huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Ile iliyokatwa kabisa inaweza isirudi, au ikarudi kwa kupotoka njia. Piga hesabu: kama mahali palipojeruhiwa pako sentimita 12 kutoka kwenye chuchu, safari ya kurudi ni ya miezi minne hivi, bila kuhesabu majuma ya mwanzo ambayo neva haioti kabisa. Kwa hiyo anayelia katika mwezi wa pili kwamba hisia zimekufa amehukumu mapema. Mabadiliko huendelea kuonekana kwa mwaka mzima, wakati mwingine hata miezi 18. Kinachokosekana baada ya hapo huwa hakitarajiwi tena kurudi.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao wengi hawaambiwi. Matiti mazito huzivuta neva kwa miaka na miaka, na chuchu ya titi kubwa mara nyingi huwa na hisia hafifu kuliko ya titi dogo hata kabla kisu hakijaligusa. Wapo wanawake ambao, baada ya uzito huo kuondolewa, husema kwamba wanahisi zaidi kuliko zamani. Sikuambii hivyo ili ulitarajie, bali ili ukubali kwamba bila kujua ulianzia wapi hutaweza kujua ulichopoteza. Omba upimwe kabla ya upasuaji. Vipo vipimo vya nyuzi za nailoni za unene mbalimbali, viitwavyo nyuzi za Semmes-Weinstein, ambavyo hugusishwa ngozi ili kuona ni uzi upi mwembamba kabisa unaohisiwa. Kama havipatikani, jipime mwenyewe nyumbani kwa macho yaliyofumbwa, ukitumia pamba, kidole na kijiko kilichotoka kwenye maji baridi, kisha uandike kila sehemu ya kila titi inahisi nini. Usiishie kwenye mguso peke yake: baridi, shinikizo, maumivu na hisia za mapenzi hazipotei wala kurudi kwa pamoja. Pia usidanganyike na kusimama kwa chuchu. Hiyo ni kazi ya misuli midogo, na chuchu inaweza kusimama kwa baridi huku ikiwa haina hisia yoyote.

Kuhusu mume wako, zungumza naye kabla. Ganzi ikitokea, ni afadhali imkute akiwa anajua kuliko adhani kwamba ni yeye asiyetakiwa.

SWALI: Nimemaliza juma la sita tangu nipunguzwe matiti. La kushoto halihisi kitu kuanzia chuchuni hadi chini, lakini la kulia ni mateso: hata kitambaa cha nguo kikigusa chuchu nahisi kama shoti ya umeme. Nimekuwa nikiweka chupa ya maji ya moto usiku ili kutuliza. Je, kuna kitu kimeharibika?

JIBU: Kwanza kabisa, acha chupa hiyo leo. Ngozi isiyohisi haiwezi kukuonya, na wanawake wameungua vibaya kwa chupa za maji ya moto na mito ya umeme bila kujua mpaka walipoona malengelenge. Barafu nayo inadhuru kwa namna hiyo hiyo. Maji ya kuoga yapime kwa mkono, wala si kwa kifua.

Matiti mawili kupona kwa namna mbili tofauti ni jambo la kawaida, kwani neva za upande mmoja si nakala ya zile za upande wa pili na hazikujeruhiwa sawasawa. Shoti, mchomo na mwasho unaousikia upande wa kulia mara nyingi ni neva zinazoota upya, ambazo mwanzoni hutuma taarifa zilizovurugika. Mishono ikiwa imefunga kabisa, zoeza ngozi hiyo kidogo kidogo: mara kadhaa kwa siku, kwa dakika chache, ipapase kwa kitambaa laini sana, na kadiri inavyozoea uende kwenye kitambaa chenye ukakasi zaidi. Sidiria isiyo na mishono ya ndani, au kipande cha pamba safi kati ya nguo na chuchu, husaidia katikati ya siku.

Kama maumivu hayakuachi kulala, rudi kwa daktari. Dawa za kawaida za maumivu huwa hazifui dafu kwa maumivu ya neva, lakini zipo dawa kama gabapentini na amitriptilini ambazo anaweza kukuandikia baada ya kukupima. Na ikiwa kuna nukta moja tu kwenye kovu ambayo ukiibonyeza maumivu huruka mbali, mwonyeshe mahali hapo kwa kidole, kwani huenda ncha ya neva imejikunja ikafanya kinundu, na hilo lina matibabu yake.

Nitenganishe pia jambo linalochanganywa mara kwa mara: ganzi si dalili kwamba chuchu inakufa. Chuchu inayokosa damu hujionyesha kwa rangi, kwa kupauka au kugeuka zambarau na hatimaye nyeusi, kwa kuwa baridi na kwa malengelenge, na hutokea zaidi katika siku na majuma ya mwanzo. Kwenye ngozi nyeusi linganisha chuchu moja na nyingine badala ya kungoja rangi fulani. Anayeona dalili hizo, au titi linalovimba ghafla, au homa pamoja na joto linalosambaa titini, asingoje tarehe ya kliniki. Tumbaku huibana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana wapasuaji hutaka iachwe kwa majuma kadhaa kabla na baada ya upasuaji. Ikiwa wewe ni mvutaji na umerudia sigara, mwambie daktari ukweli.

SWALI: Bado sijazaa na ninafikiria kupunguza matiti. Nikipoteza hisia, nitaweza kunyonyesha?

JIBU: Hisia za chuchu zina kazi katika kunyonyesha: mtoto anaponyonya, neva hupeleka taarifa ubongoni, ubongo hutoa homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huvibana vifuko vidogo vya tezi ili maziwa yatoke. Hisia zikiwa hafifu, mnyororo huo hulegea, ingawa kwa mama wengi hata sauti ya mtoto anayelia huweza kuuamsha. Hata hivyo kikwazo kikubwa zaidi ni vijia vya maziwa na tezi zilizoondolewa. Chuchu ikipandikizwa kama kiraka, usitegemee maziwa kutoka titi hilo. Ikiachwa kwenye kikonyo, wengi hunyonyesha, baadhi kikamilifu na baadhi kwa kuongezea maziwa mengine, na kinachotoa jibu ni uzito wa mtoto katika majuma ya kwanza. Matiti hubadilika pia kwa ujauzito, kwa hiyo kama unakusudia kuzaa hivi karibuni na maumivu yako yanavumilika, mimi ningengoja. Kama hayavumiliki, mwambie mpasuaji tangu siku ya kwanza kwamba unataka kunyonyesha, ili aamue kikonyo chake akilijua hilo.