Kiwiko changu, mkasi wangu, na miezi 11 ya kuhangaika

Ulikuwa msimu wa sare za shule. Fundi yeyote anaujua: unakata tangu asubuhi mpaka macho yanakataa, na mteja wa mwisho bado amesimama mlangoni anauliza za kwake ziko wapi. Jioni moja, wiki ya tatu, nikanyanyua birika la chai, vidole vikagoma kulishika. Birika lenyewe halikuwa zito. Upande wa nje wa kiwiko cha kulia uliwaka kama nimegusa pasi, na nusu ya chai ikaishia juu ya suruali ya mtu.

Nilifanya anachofanya kila mtu. Nikapaka dawa, nikafunga bandeji, nikanywa vidonge mpaka tumbo likalalamika. Nikaenda kukandwa. Kukandwa kulikuwa kutamu, sitasema uongo. Narudi mkono mwepesi, nalala fofofo, halafu kesho yake nikishika mkasi saa moja tu maumivu yako palepale yananisubiri. Mwezi wa sita wa maumivu nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko. Kwa wiki 4 nilikuwa mzima kabisa, nikachukua oda ya jinzi. Maumivu yaliporudi, yalirudi na nduguze: sasa hata kufungua kifuniko cha chupa ilikuwa shughuli.

Baadaye nilielezwa kwamba huo haukuwa mkosi wangu peke yangu. Tafiti zilizolinganisha sindano hiyo na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa maumivu ya kiwiko ya namna hii zilikuta kwamba waliochomwa walipata nafuu kubwa wiki za mwanzo, lakini walipopimwa baada ya mwaka, wao ndio waliokuwa nyuma. Kwangu sindano ilinyamazisha maumivu, kano, ule ukamba unaoshikiza msuli kwenye mfupa, ikabaki dhaifu vilevile, nami nikaenda kuitwika mzigo mkubwa kuliko ule ulioiumiza.

Mwezi wa 11 wa kuhangaika ndipo nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimwita daktari, akacheka, akasema yeye si daktari, nimwite dada inatosha. Nilikuwa na picha ya eksirei kwenye bahasha. Hakuifungua. Aliuliza nafanya kazi gani, nikamwambia fundi cherehani, akauliza mkasi uko wapi. Sikuwa nao. "Basi fundi, kesho uje nao. Na uje na kile kitambaa kinachokuumiza."

Kesho yake nikakata mita nzima ya jinzi mbele yake, yeye amesimama pembeni kama msimamizi wa mtihani. Akaona mambo ambayo katika miaka 16 ya ufundi hayajawahi kunipita akilini. Meza ni fupi kwangu, kwa hiyo nainama kuanzia kiunoni. Kwa sababu nimeinama, mkono naupeleka mbali na mwili, kiwiko kimenyooka na kiganja kimekunjika kuelekea chini. Naubana mkasi hata pale usipohitaji kubanwa. Kisha akaukagua mkasi wenyewe, akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Huu ni butu." Hilo liliniuma kuliko kiwiko.

Vipimo vyake havikuwa na mashine ya maana. Aliniambia ninyanyue kidole cha kati, yeye akakisukuma chini. Nikaruka kwenye kiti. Akanipa kifaa cha kubana kinachopima nguvu za mkono: mkono wa kushoto ulifika kilo 38, wa kulia maumivu yalinisimamisha kwenye 17. Halafu akahamia shingoni, akaigeuza huku na huku, akapima mabega, akagonga kwa kinyundo kuona kama mishipa ya fahamu inaitika. Nilimuuliza shingo inahusu nini. Akasema maumivu ya mkono mara nyingine chanzo chake ni shingo, na asipoangalia huko anaweza kutibu kiwiko mwaka mzima bure.

Maelezo yake ndiyo yaliyonibadilisha. Misuli inayonyanyua kiganja kwenda juu imeshikizwa kwa kano kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Ukibana kitu chochote, iwe mkasi, nyundo, mpini wa jembe au mfuko, misuli hiyo lazima ivute ili kiganja kisikunjike. Kwa hiyo kila nilipofunga mkasi nilikuwa naivuta kano ile ile, mahali pale pale, maelfu ya mara kwa siku. Tatizo hili linaitwa kiwiko cha mchezaji tenisi, jina la ajabu, maana wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi.

Mimi niliielewa kwa lugha yangu. Mshono ukifumuka kwapani, huupigi pasi ukategemea utapona. Unafanya moja kati ya mawili: unalegeza nguo ili mvuto upungue, au unashona upya kwa uzi imara. Ukiwa na akili unafanya yote mawili. Miezi 11 yote nilikuwa napiga pasi.

Kulegeza kulikuwa rahisi, na nashangaa hakuna aliyewahi kuniambia. Mkasi ukanolewa. Meza tukaiinua kwa vipande vya mbao sentimita 14 hivi. Nikaacha kukata siku nzima mfululizo. Nikawa nakata dakika 40, nashona, napiga pasi, narudi kukata. Hakunikataza kazi. Hilo nalisisitiza kwa sababu watu wengi wanaogopa kwenda fiziotherapia wakidhani wataambiwa waache kazi. Alisema kano inayopumzishwa kabisa inazidi kuwa dhaifu, na siku utakayorudi kazini utaanzia chini ya pale ulipoachia.

Kushona kwa uzi imara ndiko kulikonitoa jasho. Zoezi la kwanza lilikuwa la kudharaulika: mkono juu ya meza, kiganja kinatazama chini, nimeshika chupa ya maji ya lita moja, nashikilia bila kusogea sekunde 45, napumzika, narudia mara 5. Wiki ya tatu tukaanza kusogea: nanyanyua kwa msaada wa mkono wa kushoto, nashusha polepole kwa mkono wa kulia peke yake. Baadaye uzito ukapanda, kilo 2, kilo 3, kisha mazoezi ya bega, maana bega dhaifu linaiachia mikono ya mbele kazi yote. Siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Kano hubadilika taratibu kuliko misuli. Damu inayopita humo ni kidogo. Anayekuahidi kukuponyesha kano kwa siku 3, mwombee heri uondoke.

Na inauma. Kanuni aliyonipa ilikuwa hii: maumivu hadi 4 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 yanaruhusiwa wakati wa zoezi, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi kwenye kiwango changu cha kawaida. Yakiwa yamepanda, nimezidisha, napunguza, siachi. Wiki ya tano niliamka mkono unawaka, nikataka kutupa chupa dirishani. Nikampigia. Akauliza swali moja tu: "Jana ulikata ngapi?" Nilikuwa nimekata suruali 22. Mazoezi hayakuwa na kosa.

Kazi nyingine nazo zina maumivu ya ukoo huo huo. Anayekaa kwenye kompyuta shingo yake inabeba kichwa kilichotangulia mbele saa nzima bila kusogea. Mkao wenyewe si dhambi, kutobadilisha ndiko kunakoumiza. Mpaka rangi anapandisha mkono juu ya bega mchana kutwa. Dereva anakaa juu ya mtetemo. Ukiamka usiku na ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, ukawa unakung'uta mkono ndipo upate nafuu, huenda ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo zoezi langu la chupa halina kazi. Mara nyingi watu huanzishiwa kifaa cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala. Kwa hiyo usinakili mazoezi ya jirani. Wala ya kwangu.

Mgongo unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio unaowatisha watu. Mwenzangu anayepiga pasi alipigwa picha, ikaandikwa diski, zile pedi zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo, zimechakaa. Tangu siku hiyo akawa anatembea kama amebeba trei ya mayai, kiuno kimefungwa mkanda, hainami hata kuokota uzi. Dada alimweleza jambo ambalo naona kila mwenye picha angepaswa kuambiwa siku hiyo hiyo anayokabidhiwa: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote, yakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani uchakavu kwenye picha mara nyingi ni kama mvi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Mwenzangu alianza kwa kuinama mara 10 asubuhi, mikono mezani, akiogopa. Sasa ananyanyua furushi la vitambaa mwenyewe. Mkanda umetundikwa msumarini.

Kuna maumivu ya mgongo yasiyosubiri mazoezi. Ganzi sehemu za siri au mahali unapokalia, mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe, miguu kupoteza nguvu: hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Homa, kupungua uzito bila sababu, maumivu yasiyotulia hata ukijilaza, au yaliyoanza baada ya kuanguka, muone daktari kwanza.

Na utamjuaje mtaalamu mzuri? Kipimo changu ni cha kienyeji. Alikuuliza kuhusu kazi yako au alikimbilia kiungo? Ulitoka na kitu cha kufanya nyumbani? Ukirudi, anapima tena ili ajue kama mnaenda mbele? Ukilazwa kitandani kila safari, ukawekewa mashine ya joto dakika 20 na kupewa miadi nyingine, uliza mpango ni upi. Joto linafariji, na mimi bado nalipenda jioni za baridi, ila hakuna aliyepata nguvu za mkono akiwa amelala.

Kama umeajiriwa, mwambie msimamizi mapema na uandike tarehe maumivu yalipoanza. Nchi nyingi zina sheria ya fidia kwa madhara yatokanayo na kazi, na madai bila maandishi huwa magumu.

Hili la kukaa na kufanya kazi ile ile halikuanzia kwetu. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kuhusu magonjwa ya kazi mbalimbali, na washonaji tumo: ganzi ya miguu na maumivu ya kiuno kwa kukaa tumekunja mguu. Ushauri wake ulikuwa kwamba watu wa kukaa wafanye mazoezi, angalau siku za mapumziko. Nilipomsimulia dada, alisema angalau huyo aliwauliza wagonjwa wanafanya kazi gani.

Wiki ya 12 alinipa tena kile kifaa cha kubana. Mkono wa kulia ukafika 36. Eksirei bado iko kwenye bahasha. Kilichobaki ni ugomvi wa meza: mwanafunzi wangu ni mfupi, na tangu tuiinue analalamika mabega. Jumamosi tulimpigilia jukwaa la mbao la kusimamia.