Mtoto kupuliziwa kama mkorosho?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zahanati wilayani Tandahimba, Mtwara. Siku ya kliniki niliwaeleza kina mama kwamba Marekani kuna chanjo ya homa ya mafua isiyo ya sindano, na watafiti wanatafuta nyingine itakayokinga aina nyingi za kirusi hicho kwa mpigo. Niliposema "chanjo ya pua", mmoja akauliza pua ina ugonjwa gani. Nikasema "mtoto anapuliziwa", bibi mmoja akashtuka: "Kama mkorosho?" Niseme vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mama wa kwanza anaijua lugha yake. Tunasema chanjo ya surua, chanjo ya pepopunda, chanjo ya polio, kwa hiyo sikio linangoja jina la ugonjwa. Tia -ni: "chanjo ya puani". Hapo pua inakuwa mahali, basi.

Usiseme "kuchanja pua". Kuchanja asili yake ni kukata au kupasua: tunachanja kuni, na wazee wa Kimakonde walichanjwa chale usoni. Chanjo ya ndui nayo ilitiwa kwa kuikwaruza au kuitoboa ngozi, neno likakaa mahali pake. Baadaye maana ikatanuka. Leo mtoto hudondoshewa matone ya polio mdomoni, mama akirudi nyumbani anasema "amechanjwa", na hakuna anayetafuta jeraha. Kwa hiyo mtoto "amechanjwa" hata kwa njia ya pua. Lakini ukiitaja pua papo hapo baada ya kitenzi, wembe unarudi.

Bibi naye ana haki ya kushtuka. Kwenu huko, ukifika Juni, kupulizia ni pampu mgongoni, ni salfa inayotimka chini ya mikorosho kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni kitambaa kilichofungwa puani. Hata hivyo neno ni sahihi, usilikimbie. Mpe kipimo. Chanjo ya namna hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 dozi yake nzima ni mililita 0.2, nusu tundu hili la pua, nusu lile. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji kiasi hicho, mdondoshee kiganjani. Ataona matone manne hivi.

Kuhusu hiyo inayotafutwa, nimeona watu wakiandika "chanjo pana". Siikubali. Pana ni mkeka, pana ni barabara. Maneno yako mwenyewe, "itakayokinga aina nyingi", yanatosha. Wakiuliza inawezekanaje, waonyeshe mtama. Juu ya kirusi kuna protini iitwayo hemaglutinini, yenye suke na bua. Suke hubadilikabadilika, ndiyo maana chanjo za kawaida hupitiwa upya kila mwaka. Bua halibadiliki sana, na baadhi ya watafiti wanalilenga hilo. Wengine wao wanaipitisha chanjo yao puani kwa kuwa kirusi huingilia huko, ili kingamwili zikutane nacho kwenye utando wa pua, mlangoni kabisa.

Kliniki ijayo sema hivi: "Kuna chanjo ya homa ya mafua inayopuliziwa puani." Usiseme "chanjo ya homa ya mafua ya kupulizia", maana zile "ya" tatu zitamfanya msikilizaji adhani mafua ndiyo yanayopuliziwa. Wala usiliache neno homa. Ukisema mafua peke yake, watadhani unazungumzia kamasi za asubuhi, nao wataona hazistahili chanjo.