Kasisi Sio Nesi wa Grupu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, tunaanza kampeni ya Dungeons & Dragons, mimi nilitaka kucheza mwizi ila wenzangu wote wameshachagua, wanasema hatuna mponyaji kwa hiyo nichukue kasisi. Nifanyeje?" Kwa asiyeujua, huo ni mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete na karatasi, kila mtu na mhusika wake, na kampeni ni hadithi moja inayochezwa kwa miezi; kasisi ndo mhusika anayetumia dua za mungu wake. Hiyo meseji nimeisoma mara tatu, maana hayo ndo yaliyonikuta mimi, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nataka mchawi.

Nianzie pale nilipoumia. Kampeni yangu ya kwanza nilichelewa kufika siku ya kutengeneza wahusika, nikakuta mwenzetu mmoja kashachukua mpiganaji, mwingine mwizi, mwingine mchawi, halafu nikasukumiwa karatasi tupu ya mhusika naambiwa "wewe utakuwa kasisi, hatuna wa kutuponya". Nikakubali, mgeni utasema nini. Miezi minane nilikuwa nakimbia huku na huku kugusa watu ili niwaponye. Zamu yangu ikifika hata sikuulizwa nafanya nini, mpiganaji ananyoosha tu karatasi yake: "nimebaki na pointi 6 za uhai, nijaze".

Kuna usiku tulikutana na zimwi kubwa lenye rungu, wale wanaopiga kete mbili za nyuso 8 na kuongeza 4. Mpiganaji kapigwa vibaya, nikamgusa, kete yangu ya nyuso 8 ikaleta 2, ukiongeza 3 yangu ya hekima ni pointi 5. Zamu ya zimwi, likampiga 14. Nikamgusa tena, likampiga tena. Raundi ya nne nikasema hapana, safari hii napiga, nikarusha kete nikakosa, na mpiganaji akaanguka na hakuamka tena. Meza nzima ikanigeukia. "Ulikuwa unafanya nini?" Sikuwa na jibu wakati ule na lile swali limekaa na mimi mpaka leo, sitaficha. Nikajitoa kwenye lile grupu.

Baadae nikacheza mchawi na wengine, hayo niyapite. Kilichonirudisha kwa kasisi ni kusoma alikotokea. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na klasi, yani aina za wahusika, tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi, mwizi mwenyewe kaongezwa 1975. Na huyo kasisi alizaliwa kwenye meza ya Dave Arneson, mmoja wa waliobuni mchezo huu, kabla hata mchezo haujachapishwa, kwa sababu kulikuwa na mchezaji mmoja kawa vampaya na nguvu zimemzidi mpaka wenzake hawamuwezi, ikabidi apatikane mtu wa kumkabili. Yani aliletwa kuwinda vampaya! Kwenye sheria zile za 1974 kasisi wa levo ya kwanza hakuwa na dua hata moja, alikuwa na deraya, silaha isiyo na makali na uwezo wa kufukuza wafu wanaotembea, basi. Niliposoma hivyo nilikasirika kweli, nikakumbuka ile miezi minane ya "nijaze".

Sasa Jumamosi iliyopita. Tumo ndani ya kaburi, levo ya 5, nimecheza na hawa wenzangu zaidi ya mwaka, tunatumia sheria za toleo la mwaka 2014. Mizoga inayotembea 11 imetuzunguka. Mpiganaji wetu kaanguka na kete zake za kifo, zile aliyeanguka anarusha kuona kama atakufa, zimeshafeli mbili, ya tatu ikifeli kaenda, na mizoga miwili imesimama juu yake, na mnajua ukipigwa kwa karibu ukiwa umezimia hilo pigo moja linahesabika kufeli mara mbili. Zamu yangu. Nipo futi 25 kutoka kwake. Kwa tendo la ziada, lile dogo unaloweza kufanya zamu moja pamoja na tendo kuu, nikatamka lile neno la uponyaji, lile linalofika futi 60 bila kumgusa mtu, kete ya nyuso 4 ikaleta 1, ongeza hekima yangu 4, pointi 5. Tano zilezile za siku ya zimwi! Ila safari hii zilitosha, kafungua macho. Halafu tendo langu kuu bado ninalo mkononi, nikainua alama ya mungu wangu kufukuza wafu. Mizoga yote 11 ilikuwa ndani ya futi 30, ili asifukuzwe kila mmoja anatakiwa afikishe 15 kwenye kete ya nyuso 20 na hekima yao ni kutoa 2. Msimamizi wa mchezo akaanza kurusha moja moja, meza imenyamaza kimya. Tisa zikafeli. Na kuanzia levo ya 5 mizoga dhaifu kama ile ikifeli haikimbii, inageuka vumbi palepale. Mpiganaji akainuka, akanitazama, akasema "endelea, mimi najiangalia". Nilitaka kulia.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, na wengine wote mliopangiwa kasisi kama adhabu, nisikilizeni.

Usimjaze mtu katikati ya vita. Adui anapiga zaidi ya unavyoponya, utakimbizana na hesabu usiyoiweza. Mtu mwenye pointi 1 anapiga sawasawa na mwenye pointi 40, kwa hiyo subiri aanguke ndo umuinue kwa lile neno la mbali, na rungu lako bado unapiga zamu hiyohiyo. Kujaza fanyeni baada ya vita, kwenye mapumziko.

Zamu ya kwanza weka dua moja ya kushikilia akilini, yani inayodumu mpaka umakini wako uvunjike, halafu ilinde. Levo za chini baraka inatosha kabisa, watu watatu wanaongeza kete ya nyuso 4 kwenye kila shambulio na kila kete ya kujiokoa, hiyo inazuia madhara mengi kuliko mikono yako itakavyoponya. Ukifika levo ya 5 unazo zile roho za ulinzi, futi 15 pande zote, adui akiingia humo anakula kete tatu za nyuso 8. Wewe unatembea tu kuelekea kwao.

Na ongea na wenzako kabla ya kuanza, sio baada ya kuumia kama mimi. Waambie kabisa: kunywa dawa yako ya chupa mwenyewe, jikinge, mimi nakuja kupigana. Mtu anayekasirika kwa hilo anatafuta mtumishi, na usikubali, narudia usikubali kukaa kwenye meza miezi minane mtu anakunyooshea karatasi. Muda wako wa kucheza ni sawa na wake.

Wewe uliyetaka mwizi, kama bado roho yako iko kwa mwizi basi chukua mwizi na uwaambie hivyo bila kuomba radhi, grupu bila kasisi linaishi. Ila kabla ya kukataa angalia zile njia saba za kasisi kwenye kitabu cha 2014, kuna ya Hila. Unapata dua ya kujibadilisha sura, unamgusa mwenzako anakuwa na kete mbili achague iliyo bora akinyata kwa saa nzima, na levo ya 3 unapata ile ya kupita bila kuacha alama inayoongeza 10 kwenye kete ya kunyata kwa kila aliye karibu na wewe, kundi zima linanyata pamoja na wewe. Vaa deraya ya minyororo, ile ya shati, haipigi kelele.

Kampeni yetu mpya inaanza wiki mbili zijazo na karatasi nimeshaijaza. Kasisi wa Nuru, njia nyingine kati ya zile saba. Akifika levo ya 5 anapewa lile tufe la moto la wachawi, lilelile nililolitaka siku ile nilipochelewa.