Wananiombea, lakini kikombe changu wamekitenga

"Shangazi, nina miaka 31, ni mama lishe hapa Morogoro. Niko mwezi wa tatu kwenye dozi ya TB. Kwenye kwaya wananiombea, lakini kikombe changu wamekitenga. Mama mkwe amemchukua mwanangu wa miaka mitatu, kampeleka kijijini. Wateja wamepungua, mtaani wanasema nina ngoma. Mtumishi mmoja ananiambia vidonge ni kukosa imani, niviache nikatoe ushuhuda. Sikohoi tena, ila usiku silali, nalia, najiuliza nimemkosea nini Mungu. Niache dawa?" – Aliyechoka

Mdogo wangu,

Usiache. Hata ya kesho asubuhi usiiruke. Hiyo nafuu ni kazi ya vidonge, na kazi haijaisha. Miezi miwili ya kwanza, ile ya dawa nne, imeua vimelea vingi, ndiyo maana kikohozi kimekata. Vilivyobaki ni vile hodari wa kujificha, na hivyo ndivyo vinavyosakwa kwa miezi minne uliyoianza. Ukiviachia hapa, vinaweza kurudi vikiwa vimeshaizoea dawa, na matibabu ya TB sugu ni mazito kuliko haya.

Huyo mtumishi mwulize kwa adabu tu. Mfalme Hezekia alipougua kufa, aliomba akalia, Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Jibu la sala lilikuwa limeshatoka. Mbona nabii Isaya bado aliagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu? Wewe meza vyako, sali kabla, sali baada. Ushuhuda utautoa ukimaliza mwezi wa sita wa dozi, ukiwa na majibu ya makohozi mkononi.

Hujamkosea Mungu lolote lililokuletea hili. TB hupita hewani: mwenye nayo anakohoa kwenye chumba kisichopitisha hewa, aliye karibu anaivuta. Mtoto wa askofu na mlevi wa kilabuni wanavuta hewa ileile.

Sasa kikombe. Kaka yangu aliugua TB miaka ya tisini, nikiwa binti. Mama yetu, mwanamke wa sala usiku na mchana, alimtengea kikombe cha bati, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe hicho tusije tukachanganya. Alikisugua peke yake, kwa jivu, machozi yakimtoka. Na kila jioni alifunga madirisha yote, majirani wasimsikie mwanawe akikohoa. Unaona tulivyokosea? TB haiambukizi kwa kikombe wala sahani. Tulitenga kisichoambukiza, tukaifungia ndani hewa yenyewe. Kaka alipona. Uzi ulikaa kwenye kile kikombe miaka, hakuna aliyethubutu kuukata, na mpaka leo kwenye msiba kaka anakunywa chai wa mwisho.

Mama hakuwa na roho mbaya. Aliogopa, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Wanakwaya wako nadhani ni hivyohivyo. Usisimame mbele yao kujitetea, utalia na watakuhurumia tu. Mchague mmoja, yule unayemwamini, nenda naye kliniki siku ya kuchukua dawa amsikie muuguzi mwenyewe. Ulipaswa kupimwa makohozi ulipomaliza miezi miwili, ulizia majibu. Kama ni safi na dawa hujaruka, huna cha kuwaambukiza. Wateja nao wasikutishe, TB haipiti kwenye wali.

Hilo la ngoma naliona limekuuma kuliko mengine. TB si UKIMWI, ingawa anayeishi na VVU huipata kwa urahisi zaidi, ndiyo maana kliniki hupima vyote viwili. Lakini usizungushe majibu yako mtaani kuonyesha kwamba wewe ni "msafi". Kuna dada hapo jirani anameza ARV kimyakimya na anakusikiliza. Majibu yako ni yako.

Kuna jambo hukuniuliza, nami ndilo linaloninyima raha. Mwanao ameishi nawe chumba kimoja ulipokuwa unakohoa, kabla hujaanza dozi. Amepimwa? Mtoto wa chini ya miaka mitano akishika TB anaweza kuzidiwa haraka, na asipokutwa nayo hupewa dawa za kuzuia. Mpigie mama mkwe leo. Usianze na ugomvi wa nani kamchukua nani, huo utausubiri. Mwambie tu: mama, mpeleke mjukuu wako akapimwe, na mweleze daktari kwamba mimi natumia dawa za TB. Kliniki yako nayo iambie mtoto alipo.

Machozi ya usiku usiyafanye siri yako na mto. Mwambie muuguzi hivyohivyo ulivyoniandikia, maana kutengwa kunaumiza mtu kweli, na mara chache dawa zenyewe huweza kuvuruga usingizi na hisia. Huko hupewi karipio, unasaidiwa. Ila siku ukipata wazo la kutaka kufa, usingoje tarehe ya kadi: mwite mtu akae nawe, muende hospitali siku hiyohiyo.

Niandikie mtoto akishapimwa.

Shangazi